Bandama ya Mtoto wa Makueni na Mashine ya Sumaku

Mwaka 2004 zilichapishwa ripoti kadhaa za utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa shule za Makueni, katika vijiji ambako kichocho cha tumbo na malaria huishi pamoja. Watafiti wa Kenya, Denmark na Uingereza waliwalaza watoto chali, wakawapapasa chini ya mbavu, kisha wakawapitishia kifaa cha ultrasaundi tumboni. Vitabu vilikuwa vimewafundisha watarajie jambo moja: mayai ya kichocho hukwama katika ini, ini hufanya makovu, makovu huziba njia ya damu itokayo matumboni, na damu iliyozuiwa huifanya bandama ivimbe. Walikuta watoto wenye ini kubwa na bandama kubwa, ngumu chini ya vidole, lakini makovu hayakuwapo.

Basi bandama hizo zilivimba kwa nini? Jibu lililojitokeza ni kwamba malaria ya muda mrefu ilikuwa na mkono wake, na kwamba mtoto aliyeishi na magonjwa yote mawili aliumia zaidi. Hata ndani ya eneo dogo, ukubwa wa bandama ulibadilika kufuatana na mahali nyumba ya mtoto ilipo. Habari hii haikuwa ngeni kabisa Ukambani. Tangu miaka ya 1980, Makueni ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Machakos, ilikuwa imeonekana kwamba watu wa Kambu kule nyanda za chini waliugua ini na bandama kuliko watu wa milima ya Kangundo, ingawa mayai ya kichocho katika choo chao hayakutofautiana kiasi cha kueleza jambo hilo. Kisha mwaka 2005 ikaja ripoti nyingine: watoto wa Makueni waliopewa prazikwanteli, dawa ya kichocho, na kupunguziwa sana maambukizi mapya kwa miaka 3, ini na bandama zao zilinywea.

Ultrasaundi ilifanya kazi yake vizuri. Ilipima urefu wa kiungo kwa milimita. Haikuweza kusema ni nini kilichokijaza kiungo hicho, wala ni nini kiliondoka kilipopungua. Bandama ni kambi ya seli za kinga. Ikivimba bila damu kuzuiwa, basi seli zimekuja kwa wingi au zimezaliana humo humo, au zimekataa kuondoka. Mambo hayo matatu ni tofauti sana, na dawa ya moja si dawa ya lingine. Sampuli ya damu ya mkono hutuachia kukisia tu. Hapa ndipo linapoanza swali ninalotaka kulichambua: je, seli za kinga zinaweza kufuatwa ndani ya mwili ulio hai, zikienda na kurudi, bila kuupasua mwili huo? Na njia ya MRI, yaani picha za mashine ya sumaku, ambayo maabara za nchi tajiri zimeishughulikia kwa zaidi ya miaka 20, ina nini kwa ajili ya bandama ya Makueni?

Kwanza njia yenyewe. Mashine ya MRI husoma maji. Viini vya haidrojeni vilivyomo katika maji ya mwili hujipanga ndani ya sumaku kubwa, hugutushwa kwa mawimbi ya redio, kisha vikirudi katika utulivu hutoa ishara inayogeuzwa picha. Paul Lauterbur alionyesha mwaka 1973 kwamba picha inaweza kutengenezwa hivyo, na mwaka 2003 yeye na Peter Mansfield walipewa Tuzo ya Nobel. Lakini kwa mashine hiyo seli nyeupe ya damu haina tofauti na jirani zake, kwani zote ni maji. Ndipo watafiti wakaamua kuipa alama. Alama iliyozoeleka ni chembe ndogo mno za oksidi ya chuma. Chuma huvuruga sumaku mahali kilipo, maji ya karibu hupoteza ishara upesi, na picha huonyesha doa jeusi lililo kubwa kuliko chembe yenyewe. Ukubwa huo ndio unaowezesha kuona kitu kidogo kuliko uwezo wa kawaida wa mashine. Katika panya, seli moja iliyosheheni chuma imewahi kuonekana peke yake.

Kuna namna mbili za kuitia alama hiyo. Ya kwanza ni kutoa seli mwilini, kuzilisha chuma katika kisahani cha maabara, kisha kuzirudisha kwa sindano. Ya pili ni kuchoma chuma moja kwa moja kwenye mshipa na kuacha seli zinazokula kila kitu, yaani makrofaji, zikimeze zenyewe. Namna ya kwanza inajua imeweka alama seli gani. Ya pili ni rahisi na haihitaji maabara ya seli, ila haichagui, na sehemu kubwa ya chuma huishia katika ini na bandama.

Mfano ninaouheshimu kuliko yote ulitoka Nijmegen, Uholanzi, mwaka 2005. Jolanda de Vries na wenzake walikuwa wakitibu wagonjwa wa saratani ya ngozi kwa chanjo ya seli za dendriti, ambazo kazi yake ni kupeleka habari za adui kwenye tezi za limfu. Seli ziliwekwa chuma pamoja na alama ya mionzi, zikadungwa ndani ya tezi huku daktari akiongozwa na ultrasaundi. MRI ilipopiga picha, ikaonekana kwamba katika wagonjwa 4 kati ya 8 seli hazikuingia ndani ya tezi kabisa. Zilibaki katika nyama za pembeni. Alama ya mionzi peke yake haikuweza kubainisha hilo kwa sababu picha yake ni ya ukungu. Fikiria chanjo ngapi za aina hiyo zilikuwa zimehukumiwa kwamba hazifanyi kazi, ilhali hazikufika. Kwa swali hilo moja, je, seli zimefika mahali zilipotumwa, sioni njia inayoizidi MRI.

Maswali mengine ndiyo yanayoipa taabu. Doa jeusi huonyesha chuma, na kuwapo kwa chuma si uthibitisho kwamba seli ingali hai. Seli ikifa, makrofaji huja kuimeza pamoja na chuma chake, na doa hubaki palepale likidanganya. Tena seli ikigawanyika, chuma nacho hugawanyika. Kwa ugonjwa mmoja unaowahusu wafugaji wa Makueni moja kwa moja, kasoro hii inaumiza sana. Ndigana kali, ambayo wafugaji wengi wa Kenya huiita kwa herufi zake tatu, ECF, huletwa na kidudu Theileria parva kinachoenezwa na kupe wa sikio. Kidudu hicho huingia ndani ya limfosaiti, yaani seli ya kinga yenyewe, na kuifanya izaliane bila breki kama seli ya saratani. Kila inapogawanyika, kidudu nacho hugawanyika na kupata nafasi katika seli binti zote mbili. Mfugaji huona tezi chini ya sikio la ndama imetuna. Sasa tia chuma katika limfosaiti ya namna hiyo, iache igawanyike mara 10, na kila seli itabaki na sehemu 1 kati ya 1,024 ya alama uliyoipa. Seli zinapokuwa nyingi na hatari zaidi, picha inazipoteza.

Na bado elimu bora kuhusu safari ya seli za kinga katika mnyama aliye hai, kwa upande wetu wa dunia, ilipatikana kwa ugonjwa huo huo na bila sumaku yoyote. ILRAD, taasisi ya utafiti wa magonjwa ya mifugo iliyoanzishwa mwaka 1973 huko Kabete na ambayo mwaka 1994 iliingia katika ILRI, ilikuwa na wataalamu waliojua kuingiza mrija mwembamba wa plastiki katika mshipa wa limfu unaotoka kwenye tezi ya ng'ombe. Mnyama husimama, hula na kucheua, na limfu hudondoka katika chupa. Kila kinachotoka kwenye tezi baada ya maambukizi hupita pale, saa baada ya saa. Katika kazi iliyochapishwa mwaka 1994, Declan McKeever, Evans Taracha na wenzao walitumia ndama pacha wa asili moja, ambao miili yao haikatai seli za mwenzake. Ndama aliyekwishapata kinga aliambukizwa tena, seli zilizotoka katika tezi zikakusanywa, zikapelekwa kwa pacha ambaye hajawahi kuugua. Kinga ilihamia pamoja na kundi la seli liitwalo CD8. Huo ndio uthibitisho kwamba seli hizo ndizo zinazomkinga ng'ombe, na ndio msingi wa kuelewa kwa nini chanjo ya Muguga ya miaka ya 1970, ambayo ni kumwambukiza ndama kidudu hai na kumpa oksitetrasaiklini siku hiyo hiyo, hufanya kazi.

Nimekaa kidogo na mrija huo kwa sababu unaonyesha vipimo viwili ambavyo MRI lazima ivifikie. Mrija ulitoa seli zenyewe mkononi, zikaweza kuulizwa: wewe ni nani, unaua nini? Picha haijibu hivyo. Lakini mrija uliona mlango mmoja tu wa kutokea. Seli zilikwenda wapi baada ya hapo, mapafuni, katika bandama, katika tezi ya upande wa pili, haikujulikana mpaka mnyama achinjwe. Picha ingejibu hapo, na ingefanya hivyo kwa mnyama yule yule wiki baada ya wiki badala ya kuchinja kundi kila hatua. Kwangu hiyo ni hoja ya kisayansi na ya huruma kwa pamoja. Kinachobaki ni umbo la ng'ombe. Tundu la mashine ya hospitali lina kipenyo cha sentimita 60 hadi 70. Ndama mdogo ataingia, na mbuzi wa Kitui pia, ila fahali hatapita. Na mnyama acheuaye akilazwa kwa dawa ya usingizi kwa muda mrefu hujaa gesi tumboni, jambo ambalo daktari wa mifugo halichukulii kwa mzaha.

Kitui nayo ina swali lake. Kati ya 1952 na 1954 kala-azar ililipuka katika wilaya hiyo. R. B. Heisch na Philip Manson-Bahr walifanya kazi huko, na mwaka 1962 B. A. Southgate na B. V. E. Oriedo wakachapisha uchunguzi wao kuhusu mazingira ya ugonjwa, vichuguu vya mchwa vikiwa katikati ya hadithi, kwa kuwa humo ndimo hukaa usubi aitwaye Phlebotomus martini. Kidudu cha kala-azar, Leishmania donovani, huchagua kuishi ndani ya makrofaji, seli ambayo ilipaswa kukiua. Bandama hujaa makrofaji zenye vidudu hadi ikashuka chini ya kitovu.

Kuona hayo, kwa miaka mingi, kulihitaji sindano. Mgonjwa hulala chali, mpaka wa bandama huchorwa kwa kalamu juu ya ngozi, anaambiwa ashike pumzi, sindano huingia na kutoka kwa muda usiofika sekunde moja. Kinachopatikana ni tone la majimaji mekundu ndani ya sindano, linatandazwa juu ya kioo. Mwaka 1983 J. D. Chulay na A. D. Bryceson, kwa wagonjwa wa Kenya, waliweka kipimo cha kuhesabu vidudu katika tone hilo kutoka 0 hadi 6, kila hatua ikiwa mara 10 ya ile iliyotangulia. Kipimo hicho bado kinatumika. Baada ya hapo mgonjwa hulala chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, kwa sababu bandama iliyotobolewa inaweza kuvuja damu ndani kwa ndani. Hakuna aliyependa sindano hiyo, lakini ilisema ukweli kuhusu sehemu ndogo mno ya kiungo kikubwa. Picha ingesema kuhusu kiungo chote. Kwa kuwa makrofaji humeza chuma kilichodungwa mshipani, inawezekana kimsingi kuona ni sehemu gani za bandama bado zina makrofaji zinazokula, na kama dawa inazirudisha kazini.

Nimesema kimsingi, na hapa nafika kwenye jambo ambalo nadhani wasomi wa fani hii hawajalipa uzito unaostahili. Njia yote ya doa jeusi inategemea kwamba kabla ya kutia chuma, mwili ulikuwa mweupe. Panya wa maabara, aliyezaliwa katika sanduku safi na kula chakula kilichochemshwa, ni mweupe kweli. Bandama ya mtoto wa Makueni si nyeupe. Kidudu cha malaria kinapokula himoglobini huacha mabaki ya rangi nyeusi, hemozoini, ambayo ndani yake mna chuma na huitikia sumaku. Makrofaji za bandama ndizo huyameza na kuyaweka. Mnyoo wa kichocho nao hula damu na kutapika hemozoini ya aina hiyo hiyo, na ini huipokea. Zaidi ya hayo, bandama iliyovimba kwa kichocho cha muda mrefu huweza kuwa na vinundu vidogo vya damu iliyovuja na kuacha chuma, vinavyojulikana kwa majina ya Gamna na Gandy. Madaktari wa picha wanavitambua katika MRI kwa sura yake: madoa madogo meusi yaliyotawanyika. Hiyo ndiyo sura tuliyoambiwa tuitafute kama alama ya seli tulizozituma. Ni kama kumtafuta mtu mwenye kanzu nyeusi usiku wa giza.

Na kasoro ya panya safi haiko katika rangi ya bandama peke yake. Mwaka 2016 kundi la David Masopust huko Minnesota, Marekani, lilionyesha kwamba kinga ya panya wa maabara hufanana na ya mtoto mchanga wa binadamu, wakati panya wa madukani, waliokutana na vijidudu, wana kinga inayofanana na ya mtu mzima. Mtu wa Kitui au Makueni amekutana na mengi. Njia iliyopimwa kwa mnyama asiyewahi kuugua haijapimwa kwa ajili yake.

Kuna njia nyingine ya alama, na kwa Ukambani naiona kuwa yenye matumaini zaidi. Mwaka 2005 Eric Ahrens na wenzake wa Pittsburgh waliacha chuma wakatumia florini, wakizilisha seli za dendriti vitone vya mafuta yaliyojaa florini. Mashine ikisikiliza masafa ya florini badala ya haidrojeni, haisikii chochote kutoka mwilini ila seli zilizowekwa alama. Florini tuliyo nayo katika meno na mifupa imekamatwa katika kitu kigumu na haitoi ishara ambayo mashine ya kawaida huisikia. Hemozoini haina florini, wala vinundu vya Gamna na Gandy. Doa lolote litakaloonekana ni la seli zako, na linaweza kuhesabiwa. Mwaka 2014 njia hiyo ilitumiwa kwa mara ya kwanza kwa wagonjwa, watu wenye saratani ya utumbo mpana. Gharama yake ni kwamba ishara ni hafifu: zinahitajika seli maelfu mahali pamoja ndipo zionekane. Kwa seli chache zinazopita mapafuni haitoshi. Kwa bandama iliyojaa, huenda ikatosha. Tatizo la kugawanyika na la kufa linabaki vilevile, na asiyelisema anauza kitu.

Nalo suala la usalama lisirukwe. Chuma cha kwanza kilichoruhusiwa Marekani mwaka 1996 kwa picha za ini kilitoweka sokoni. Kinachotumika sasa mahali pake, ferumoksitoli, kiliruhusiwa mwaka 2009 kama dawa ya upungufu wa damu kwa wenye ugonjwa wa figo, na mwaka 2015 kiliwekewa onyo kali kwa sababu ya mzio unaoweza kuua. Kumpa mtoto mgonjwa kitu cha namna hiyo kwa ajili ya picha ya utafiti, katika kituo kisicho na vifaa vya dharura, singekubali.

Kuhusu mashine, mara nyingi mazungumzo huishia kwa bei na heliamu. Sumaku ya kawaida hupozwa hadi nyuzi 269 chini ya sifuri kwa heliamu iliyo kimiminika, umeme usikatike, fundi asiwe mbali. Mwaka 2022, katika chuo kikuu cha Mbarara, Uganda, Johnes Obungoloch na wenzake pamoja na Andrew Webb wa Leiden walionyesha njia nyingine. Vipande vya mashine ndogo vilisafirishwa kwa ndege kutoka Uholanzi, sumaku za kudumu zikapangwa katika pete 23, na kutoka siku mzigo ulipofika hadi picha ya kwanza zilipita siku 11 hivi. Nguvu yake ni tesla 0.05, ambapo hospitali kubwa hutumia 1.5 au 3. Haihitaji heliamu. Picha yake haiwezi kuonyesha seli moja moja, na florini itakuwa ngumu zaidi kusikika hapo. Lakini chuma ni habari nyingine: mwaka 2020 kundi la David Waddington lilionyesha katika panya wa maabara kwamba chembe za oksidi ya chuma huonekana hata katika tesla 0.0065, kwa kuwa hushika usumaku upesi kuliko mwili. Kwa hiyo udhaifu wa sumaku haufungi mlango wote.

Je, kaunti za Kitui na Makueni zinunue mashine kwa kazi hii? Hapana. Mtoto mwenye bandama kubwa leo anahitaji prazikwanteli, chandarua, kipimo cha damu cha kala-azar na mtu anayejua kushika kifaa cha ultrasaundi. Fedha za kaunti ziende huko. Kazi ya kufuata seli ni ya Kabete, wenye ng'ombe na ujuzi wa mrija, na ya taasisi ya utafiti wa nyani huko Karen, ambako nyani wamewahi kutumika kwa kichocho na kwa malaria ya Plasmodium knowlesi. Nyani huingia katika tundu la mashine ya hospitali bila shida.

Na kazi ya kwanza huko haihitaji alama yoyote. Wapigwe picha nyani wasio na ugonjwa, wenye kichocho, wenye malaria, na wenye vyote viwili, ili ijulikane bandama ya kila kundi ni nyeusi kiasi gani kabla ya mtu kuongeza chuma hata chembe. Kipimo hicho kikipatikana, zitumwe seli zenye florini katika nyani wale wale, wapewe prazikwanteli, na wapigwe picha tena na tena bandama inaponywea, hadi ionekane kama seli zilizoijaza zimekwenda kwenye tezi, zimerudi kwenye damu, au zimefia humo humo.